Feni zinazunguka, kioo cheusi: je, ubao umekufa?

Shikamoo mzee wetu,

Mimi ni mama wa miaka 41, mkazi wa Tanga mjini. Nina steshenari ndogo Ngamiani, dakika chache kwa mguu kutoka soko la Mgandini. Natoa fotokopi, nachapa barua na CV, napiga picha za pasipoti, na ndoa zikianza natengeneza kadi. Kazi yote hiyo inabebwa na kompyuta moja ya mezani niliyoinunua mwaka 2021 kwa mkopo wa kikoba. Aliniungia fundi mmoja wa Dar es Salaam. Mkopo nilishaumaliza, na mashine haikuwahi kunisumbua hata siku moja.

Mtoto wa dada yangu, kijana wa miaka 19, amekaa kwangu tangu amalize kidato cha sita. Ni mtulivu, na mikono yake haikai bure. Aliniona nikifungua picha kubwa za harusi mashine inagoma, mimi nakaa nasubiri. Akaniambia, "Mama mdogo, hii inahitaji prosesa, yaani ubongo wa mashine, yenye nguvu zaidi." Nikadhani ni maneno tu. Kumbe aliuza simu yake, akanunua prosesa iliyotumika, Ryzen 5 5600, iwekwe badala ya iliyokuwemo, Ryzen 5 3400G. Alinieleza kuwa ubao wetu, ile sahani ya ndani inayobeba vifaa vyote, ni wa zamani kidogo, wa aina ya B450, hauwezi kuitambua prosesa hiyo mpaka kwanza asasishe bayosi yake, programu ndogo inayoiamsha mashine.

Jumapili jioni, baada ya kufunga duka, alifanya kazi hiyo mbele yangu. Faili alilipakua kwenye tovuti ya waliotengeneza ubao, akaliweka kwenye flashi, akawasha. Mstari ukatembea polepole mpaka asilimia 100, mashine ikajizima na kujiwasha, na yeye akaizima. Hapohapo akaifungua, akatoa prosesa ya zamani, akaweka mpya, akafunga. Tangu wakati huo ni giza. Feni zinazunguka, taa za mbele zinawaka, lakini kioo kinaandika kwamba hakipati mawimbi, kisha kinalala. Tuliiacha imewaka saa nzima. Tukachomoa waya wa umeme, tukasubiri, tukachomeka tena. Hakuna kitu. Ndani, juu ya ubao, kuna kitaa kidogo cheupe kilichoandikwa VGA pembeni yake, kinawaka na hakizimiki. Waya wa kioo upo palepale ulipokuwa siku zote, nyuma, sehemu ya juu karibu na matundu ya USB. Jambo moja linanishangaza: nikibonyeza Caps Lock, kitaa cha kibodi kinawaka, nikibonyeza tena kinazima, kama kawaida.

Jumatatu nilimbebea fundi wa hapa mjini. Hakuifungua. Aliiwasha, akatazama kioo, akasema, "Bayosi imekufa, huu ubao umekwisha. Lete 380,000 nikutafutie mwingine na nikupigie Windows upya."

Mzee wangu, nilirudi dukani nikiwa nimepandwa na hasira. Nilimsema yule mtoto mbele ya wateja, maneno ambayo mama hamwambii mwana. Asubuhi yake alipanda Hiace akarudi kwao Muheza. Simu hana, alishaiuza. Prosesa ya zamani ameondoka nayo. Dada yangu anasema anatafuta mtu wa kuiuzia ili anirudishie fedha.

Na kuna kubwa kuliko hayo. Mimi ni katibu wa kikoba chetu, tuko wanawake 27. Hisa, mikopo, faini, mfuko wa jamii, vyote tangu Januari vimo ndani ya kompyuta hiyo. Daftari la mkono tuliliacha kwa sababu mimi mwenyewe niliwashawishi wenzangu. Mgao ni wiki tatu zijazo, na sijamwambia mtu. Usingizi sipati. Ninunue huo ubao? Na hesabu za watu, ndiyo zimekwenda?

Mama wa Steshenari, Ngamiani

*

Marahaba mwanangu. Pole kwa siku hizi ulizopitia.

Usitoe hiyo 380,000. Kwa ulivyonieleza, ubao wako u hai, na ushahidi umo ndani ya barua yako mwenyewe. Nitakuonyesha. Ila nianze na kikoba, kwa sababu ndicho kinachokutoa usingizini.

Hesabu zenu hazikai kwenye bayosi, wala hazikai kwenye prosesa. Zimo kwenye diski, kifaa kingine kabisa, na kusasisha bayosi hakuandiki chochote juu ya diski. Hata ubao ungekuwa umeungua kweli, diski ile ingetolewa, ikawekwa kwenye kava lake la USB, ikachomekwa kwenye laptopu ya jirani, na mafaili yangeonekana, ila tu kama diski imefungwa kwa siri, jambo nitakalolitaja mbele. Kwa hiyo kilichokuwa hatari kwa kikoba si alichofanya kijana. Hatari ilikuwa yale maneno mawili ya mwisho ya fundi, kwamba atakupigia "Windows upya". Kupiga Windows upya kwa mtu asiyeuliza kuna nini ndani ndiko kunakofuta hesabu za wanawake 27. Mtu yeyote atakayeigusa mashine hiyo, mwambie kabla hajashika bisibisi: diski isifutwe.

Sasa tuje kwenye giza lenyewe.

Bayosi ni programu ndogo iliyohifadhiwa kwenye chipu juu ya ubao, chipu ambayo mara nyingi ina miguu minane na haizidi ukucha wa kidole chako cha mwisho. Ifikirie kama mama mwenye nyumba anayeamka kabla ya adhana. Anaamka yeye kwanza, kisha anamgongea mlango mmoja baada ya mwingine: anaanza na prosesa, anakwenda kwa ramu, kumbukumbu ya muda ya mashine, kisha kwa kifaa cha picha, mwisho diski yenye Windows. Wote wakiitika, nyumba imeamka na yeye anakaa pembeni. Asiyeitika, mama anabaki amesimama mlangoni pake.

Vitaa vile vidogo vya ubao ndivyo vinavyokuambia mama amesimama mlango gani. Kwa kawaida ni vinne, vimeandikwa CPU, DRAM, VGA na BOOT. Chako kimesimama VGA, yaani kwenye picha. Maana yake prosesa imeitika na ramu imeitika. Bayosi iliyokufa haiwezi kufika mlango wa tatu, kwa sababu ndiyo yenyewe inayotembea!

Na ile Caps Lock iliyokushangaza ndiyo iliyonifanya nitabasamu nilipokuwa nasoma. Kibodi haijiwashii kile kitaa. Unapobonyeza, kibodi inapeleka habari kwa kompyuta, na kompyuta ndiyo inayorudisha amri ya kuwasha. Kikiwaka na kuzima kwa utii namna hiyo, ujue ndani kuna mtu macho anayekujibu. Anayetaka kujua bayosi iliyokufa kweli inafananaje, akumbuke tarehe 26 Aprili 1999, pale kirusi cha CIH kilipofuta bayosi za kompyuta nyingi duniani kwa siku moja. Mashine zile feni zilizunguka, basi. Hakuna mlio, hakuna picha, na kibodi ukiibonyeza ni kama unabonyeza ubao wa mbuzi.

Sasa kwa nini picha haipo? Soma tena majina mawili uliyoniandikia: Ryzen 5 3400G na Ryzen 5 5600. Tofauti iliyowaangusha ni ile herufi G. Kwenye familia hiyo ya prosesa, G inamaanisha kwamba kifaa cha kutengeneza picha kimo ndani ya prosesa yenyewe. Ndiyo maana miaka yote hii hukuhitaji kadi ya picha. Waya wa kioo ulichomekwa kwenye ubao, pale juu karibu na USB, na picha ilitoka ndani ya 3400G. Ile 5600 ina nguvu kweli, ina viini 6 badala ya 4, lakini haina kifaa cha picha hata kidogo. Lile tundu la kioo kwenye ubao wako sasa ni bomba lisilo na tangi nyuma yake.

Kwa hiyo usiku ule mlifanya mambo mawili, na la kwanza limesingiziwa kosa la la pili. Bayosi ilisasishwa vizuri; mstari ulifika 100 na mashine ikajiwasha yenyewe. Kilicholeta giza ni kubadilisha prosesa. Na nadhani najua hata kilichoandikwa kwenye giza hilo. Mbao za familia hiyo zikiona prosesa mpya huuliza swali kwa Kiingereza, kwamba prosesa imebadilika, je, kumbukumbu za usalama zilizofungamana na prosesa ya zamani zifutwe? Bonyeza Y kwa ndiyo, N kwa hapana. Inawezekana sana kwamba mashine yako imekuwa ikiuliza swali hilo tangu Jumapili na hakuna wa kulisoma. Msibahatishe kujibu gizani. Mkipata picha mkalikuta, jibuni N. Ukijibu hapana hakuna kinachopotea, na ukirudisha prosesa ya zamani kila kitu kinakuwa kama kilivyokuwa. Ukijibu Y, na diski yako ikawa imefungwa kwa BitLocker, kufuli la siri la Windows, bila wewe kujua, Windows itakudai namba ya tarakimu 48 kabla ya kukufungulia. Namba hiyo mara nyingi huwa imehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft aliyoifungua mtu aliyeweka Windows. Kwako huenda isikuhusu, lakini mpigie yule fundi wa Dar es Salaam umuulize alitumia akaunti ipi. Kuuliza leo ni dakika mbili.

Dawa ya haraka na isiyo na gharama ni kuirudisha 3400G mahali pake, waya wa kioo ubaki ulipo. Bayosi mpya haiwezi kuikataa? Swali zuri, na lina sababu. Baadhi ya mbao hizo zina chipu ya megabaiti 16 tu, na majina ya prosesa mpya yalipozidi, watengenezaji walilazimika kuyaondoa ya zile za kale ili yapate nafasi. Zilizoondolewa kwa kawaida ni zile za mwanzo kabisa za ubao huo, za jamii ya A. 3400G ni ya 2019 na mara nyingi imebaki. Hata hivyo kijana atazame orodha ya prosesa kwenye ukurasa wa ubao wenu, kwenye mstari wa toleo lile alilolipakua.

Kazi ya kurudisha ifanywe bila haraka, maana hapa ndipo watu huua vifaa vizima. Mashine iachwe imewaka dakika kumi hivi ili pesti ya joto iliyo kati ya prosesa na feni ilainike, kisha izimwe na waya wa umeme uchomolewe kabisa. Feni ile kubwa isinyanyuliwe kwa nguvu. Izungushwe kidogo kushoto na kulia mpaka ijiachie yenyewe, kwa sababu prosesa za aina hii zina tabia ya kung'ang'ania feni na kung'oka nayo hata komeo likiwa limefungwa, na miguu yake ikapinda. Kisha anyanyue kile kikomeo cha pembeni, atoe 5600, aweke 3400G huku pembetatu ndogo ya dhahabu ikitazamana na alama yake kwenye soketi. Prosesa inaingia kwa uzito wake mwenyewe. Ikigoma, usiikandamize, inyanyue, itazame miguu, anza tena. Apanguse pesti ya zamani, aweke mpya kidogo kama punje ya choroko, afunge feni, na asisahau kuuchomeka waya wa feni pale palipoandikwa CPU.

Kama 3400G imeshauzwa, njia ya pili ni kuazima kadi ya picha, hata ndogo na ya kale, ikachomekwa kwenye mlango mrefu wa ubao, na waya wa kioo ukahamishwa kutoka juu kwenda kwenye kadi kule chini. Huo uhamishaji wa waya ndio watu wengi wanausahau.

Mkipata picha, msishtuke mashine ikiingia kwenye ukurasa wa bayosi badala ya Windows. Kusasisha kunarudisha mipangilio yote kwenye hali ya kiwandani. Kama Windows yako iliwekwa kwa mtindo wa zamani, bayosi mpya itaipita kana kwamba haipo, mpaka kijana atafute sehemu iliyoandikwa CSM aiwashe. Atazame pia kama diski imeorodheshwa na imewekwa ya kwanza kwenye zamu ya kuwasha. Wako mafundi wanaofika hapa wakasema Windows imekufa. Haijafa. Na ramu ikionekana inakwenda polepole kuliko zamani, ni mipangilio hiyohiyo, itarudishwa siku nyingine kwa utulivu.

Niseme pia ukweli wa pembeni: mimi nimesoma barua, sijaigusa mashine. Ikiwa 3400G imerudi na bado giza, kuna ngazi za kupanda kabla ya kufika kwenye ubao mpya. Kwanza kufuta mipangilio ya bayosi: umeme umechomolewa, ile betri ya duara ya CR2032, ya volti 3, inatolewa kwa dakika tano, kisha inarudishwa. Halafu ramu zitolewe zote, irudishwe moja tu, kwenye tundu la pili kutoka kwa prosesa. Hapa kwetu pwani usiidharau hatua hii. Hewa ya bahari na unyevu wa vuli vinatia ukungu kwenye meno ya ramu, na ufutio safi wa penseli unayasugua yakang'aa; wewe unauza ufutio, huna haja ya kununua. Kisha kuna mbao zenye kitufe nyuma cha kuandika bayosi upya kutoka kwenye flashi, hata bila prosesa ndani: flashi ipangwe kwa FAT32, faili lipewe jina ambalo kijitabu cha ubao kinalitaka, flashi ichomekwe kwenye tundu lililotiwa alama, kitufe kibonyezwe, kitaa kitapepesa dakika kadhaa kisha kitazima.

Ngazi ya mwisho ni fundi mwenye kifaa cha kuiandika chipu moja kwa moja. Kinachoonekana zaidi mikononi mwa mafundi ni CH341A, cha bei ndogo. Kinafanya kazi, lakini muulize mambo mawili. Je, anaijua volti ya chipu yako? Zipo za 3.3 na zipo za 1.8, na kile kifaa cheusi cha CH341A kinajulikana kwa kupeleka volti 5 kwenye nyaya za data, jambo ambalo si salama kwa chipu. Na je, ataisoma chipu na kuhifadhi nakala kabla ya kuiandika? Humo ndani mna namba ya ubao na anwani ya mtandao wake, na ikifutwa bila nakala hairudi. Fundi akijibu vizuri maswali hayo, mwachie kazi.

Niwakumbuke pia wasomaji wenye laptopu, maana wao hawana kitaa cha VGA wala kitufe cha nyuma. Nyingi za HP zina nakala ya akiba ya bayosi: zima, chomeka chaja, shikilia kitufe cha Windows pamoja na B huku ukibonyeza cha kuwasha kwa sekunde mbili au tatu. Kwenye Dell nyingi za kuanzia karibu 2016, shikilia Ctrl na Esc, kisha ndipo uchomeke chaja, uachie ukurasa wa uokoaji ukitokea. Na wenye kompyuta mpya zenye ramu za DDR5, wakisasisha bayosi wasubiri. Kuwaka kwa mara ya kwanza kunaweza kuchukua dakika kadhaa kioo kikiwa cheusi, kwa sababu ubao unaipima ramu upya. Nimeona watu wakizima katikati, wakiwasha, wakizima tena, mpaka wakaharibu kilichokuwa kizima.

Kuhusu fundi wako, sitamhukumu kwa ubaya. Lakini kompyuta haipimwi kwa kutazama kioo. Swali moja lingemtosha, na wewe uliuliza zuri kuliko yeye ulipokitazama kile kitaa: imesimama hatua gani? Fundi asiyeweza kukujibu hilo hajafika kwenye bei.

Sasa kijana. Mwanangu, mtoto huyu alifanya jambo ambalo watu wazima wengi hulikosea. Alisasisha bayosi kwanza, prosesa ya zamani ikiwa bado ndani. Wengi hutoa ya zamani, huweka mpya, ndipo wanakumbuka kwamba ubao hauijui. Alichukua faili kwenye tovuti ya wenye ubao, hakuokota mtaani. Makosa yake ni mawili: hakuiacha mashine ifike kwenye Windows kabla ya kuifungua, na hakuijua maana ya ile herufi G. Tena mlikuwa na bahati kwamba umeme haukucheza usiku ule wakati mstari unatembea, mvua za vuli hizi. Umeme ukikatika katikati ya maandishi ndipo bayosi hufa kweli. Safari nyingine mashine iwe juu ya UPS, kile kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika, na kazi ianze asubuhi, si usiku baada ya kuchoka.

Aliuza simu yake ili wewe usisubiri picha za harusi zifunguke. Ulimsema mbele ya wateja. Basi maneno ya kumrudisha nayo uyaseme ukiwa dukani, si pembeni kwa kunong'ona. Hilo silihesabu kuwa ushauri wa kompyuta, ila ndilo nililolifikiria zaidi baada ya kuikunja barua yako.

Prosesa mpya haijaenda bure. Aliyeiuza akikubali, ibadilishwe kwa 5600G na mwongezee kijana tofauti ya bei. Ina viini vilevile 6 na kifaa cha picha ndani, na kwa kazi zako za pasipoti na kadi sioni haja ya kadi ya picha ya pembeni. Akikataa, 5600 itunzwe kwenye kisanduku mpaka upate kadi.

Na mwenyekiti wa kikoba mwambie leo, kabla mashine haijawaka. Mwambie ilivyo: hesabu zipo, kompyuta haionyeshi picha, inashughulikiwa. Ukisubiri mpaka siku ya mgao, hata ikiwaka watauliza kwa nini ulinyamaza. Ikiwaka, jambo la kwanza kabla ya kazi ya mteja yeyote ni kulichapa lile jedwali lote la Januari mpaka sasa, nakala mbili, moja akae nayo mweka hazina. Kisha nakala kwenye flashi. Tangu hapo kila kikao lichapwe na kusainiwa. Karatasi unayo, printa unayo.

Lakini yote hayo yanaisubiri 3400G, nayo iko Muheza ikitafutiwa mnunuzi. Mpigie dada yako sasa hivi. Amwambie mtoto asiiuze. Aibebe ndani ya kisanduku chake cha plastiki, si mfukoni wala kwenye bahasha, kwa maana chini yake ina miguu 1,331 myembamba kama nywele, na kwenye Hiace watu wanabanana. Akifika Ngamiani usimpeleke kwa fundi yeyote. Mpe bisibisi, umshikie taa.